Siku Tatu za Mwanakheri

Dar es Salaam, 3 Machi 2024

Makomredi wa Tawi la Chama cha Wafanyakazi, Kiwanda cha Sabuni cha Lulu ya Bangwe,

Ninyi mnaokata miche ya sabuni mkiwa mmesimama tangu saa moja asubuhi. Ninyi mnaokoroga mawese yanayochemka. Ninyi mnaoshusha magunia ya mise, kokwa za chikichi, na kuyapanga ghalani hadi migongo ikakataa kunyooka: nawasalimu nikiwa mtu aliyelishwa na kusomeshwa na mikono hiyo hiyo. Mimi ni Leonia, mtoto wa marehemu Bonaventura Ntakije, aliyekuwa fundi wa boila yenu. Baada yake nimelelewa na shangazi yangu, Rozalia, katibu wa tawi lenu, ambaye nimemwomba awasomee waraka huu. Nipo mwaka wa mwisho wa sheria.

Baba alipoajiriwa, hapakuwa na mtu ndani ya uzio ule asiyekuwa mwanachama. Leo mko waajiriwa mia moja ishirini na wawili, na waliojaza fomu za chama ni hamsini na wanane. Nani alikiua chama? Hakuna aliyekiua. Kilipunguzwa kama sabuni inavyopunguzwa na maji: leo mstaafu mmoja asiyejaziwa nafasi, kesho vibarua kumi wa wakala wasiohesabiwa kuwa wafanyakazi wa kiwanda, keshokutwa kijana anayeambiwa kwamba fomu ya chama itamchelewesha kupandishwa cheo.

Tarehe 28 Juni menejimenti itahesabu fomu. Sheria inadai zaidi ya nusu. Mkifika sitini na wawili, mtakaa mezani na kujadili mkataba wenu. Mkipungua hapo, mtakuwa watu mia moja ishirini na wawili, kila mmoja akijadiliana na kampuni peke yake, mlangoni, kofia mkononi. Wanakosekana wanne. Nawauliza: hao wanne wako wapi, na kwa nini bado wamekaa kimya?

Wenu katika mapambano,
Leonia B. Ntakije


Bangwe, Kigoma, 19 Machi 2024

Mwanangu Leonia,

Marahaba. Waraka wako ulifika kwa mkono wa kondakta wa basi, nami nikausoma nyuma ya ghala la mise saa ya chakula. Sentensi zako ni ndefu, mwanangu, na pumzi zangu ni za mtu wa miaka hamsini na minne. Mzee Castory, mwenyekiti wetu, alisikiliza amefumba macho, halafu akakusalimu kwa Kiha, "Mwidiwe," kana kwamba umeketi pale mbele yake. Brigita akauliza, "Huyu mtoto anasomea uwakili au upadri?" Na Yunisi wa sehemu ya kukoroga akasema, "Mwambieni aje akoroge pipa moja tu, ndipo aniite komredi." Tulicheka sana. Lakini baada ya kucheka wawili walichukua fomu, kwa hiyo tuko sitini.

Uliwahi kuniuliza kwa nini nang'ang'ania barua wakati simu ninayo. Kiwandani simu tunaziacha getini kwa mlinzi, na nyumbani chumba changu na cha mke wa msimamizi vinatenganishwa na ukuta mmoja. Nikikohoa, ananiombea dawa.

Kuna jambo jingine. Bwana Leodgar wa ofisi ya utumishi ametangaza kwamba italetwa mashine ya kusoma vidole. Ikishafungwa, kitabu cha mahudhurio kitaondolewa. Watu wanaiogopa mashine hiyo kuliko wanavyomwogopa wakala, na nitakueleza sababu, wewe mtoto wa kaka yangu.

Mwanakheri wa Kasingirima, mkata sabuni mwenzangu, alifiwa na mama yake Februari. Siku zake nne za msiba alizimaliza mwaka juzi alipomzika mumewe, na ofisi ikamjibu kwamba hana nyingine mpaka mzunguko wa likizo wa miaka mitatu uishe. Basi tukambebea. Ndivyo tunavyoita, kubebeana. Siku tatu alikaa matangani, nasi kumi na wawili tuliobaki tukagawana miche yake, na kreti zikajaa kama kawaida. Mkono uliomtilia sahihi kwenye kitabu ulikuwa wangu. Thobias, msimamizi wetu, alipopita kuhesabu vichwa, aligeuka kulitazama ziwa. Analitazama ziwa hilo kwa miaka kumi na moja sasa. Pasaka iliyopita Mwanakheri alimbebea Brigita, na Idi hii Brigita atambebea yeye. Mwaka huu Kwaresima na Ramadhani zimekutana, sote tuna njaa, na hakuna kreti iliyopungua.

Sasa mashine haina uso wa kugeuza. Nisaidie kufikiria neno la kumwambia Leodgar.

Shangazi yako,
Rozalia


Dar es Salaam, 4 Aprili 2024

Shangazi yangu mpendwa,

Shikamoo. Barua yako nimeisoma mara tatu, na kila mara nimesimama wima chumbani kama mtu aliyeitwa jina lake mahakamani. Umenipa, bila wewe kujua, kile ambacho kamati yetu ya wanafunzi imekitafuta mwaka mzima: ushahidi usiopingika. Kumi na wawili wanafanya kazi ya kumi na watatu, siku tatu mfululizo, bila senti ya ziada, kwa sababu kampuni inamnyima mwanamke haki ya kumlilia mama yake. Ninyi mnakuita kubebeana. Mimi, niwie radhi, nakuita kwa jina lake la kweli: unyonyaji uliojifunika kanga ya huruma. Mnajinyonya wenyewe ili kampuni isichafuke mikono.

Sikukaa kimya. Nimeandika taarifa ya kurasa sita, "Kazi ya Kumi na Watatu", na kamati imeituma makao makuu ya kampuni na kwa maofisa kadhaa wa kazi. Tumedai siku za msiba ziongezwe na vibarua wa wakala waajiriwe. Usiwe na wasiwasi: sikutaja jina la mtu. Niliandika tu "mkata sabuni mmoja, mkazi wa Ujiji, aliyefiwa na mama yake mwezi Februari", na kwamba sahihi yake ilitiwa na wenzake. Taarifa haina jina langu pia. Imetolewa kwa niaba ya tawi, ili sauti iwe yenu.

Sasa watajibu nini? Watakanusha vipi?

Mwanao,
Leonia


Bangwe, 26 Aprili 2024

Mwanangu,

Hatujambo. Mvua ni nyingi, na barabara ya kushukia kiwandani imekatika mara mbili. Mashine imefungwa wiki hii. Unaweka kidole, inalia kama kifaranga, halafu unaingia.

Taarifa yenu ilifika. Kwa sasa nakuomba usitume nyingine. Mwanakheri hayupo kiwandani, anapumzika. Ukatibu nimemwachia Yunisi, kwa sababu macho yangu yamechoka na kumbukumbu za vikao zina herufi ndogo.

Kula vizuri. Mitihani ikianza usiruke chakula cha mchana kama ulivyofanya mwaka wa kwanza.

Shangazi yako,
Rozalia


Dar es Salaam, 8 Mei 2024

Shangazi,

Shikamoo. Nimeisubiri barua yako kwa wiki tatu, na ilipofika ilikuwa na mvua, kifaranga na ushauri wa chakula. Macho yamechoka? Macho yale yale yaliyokuwa yakinisahihisha hesabu kwa mwanga wa koroboi yamechokaje wiki ile ile taarifa yangu ilipofika mezani kwa Leodgar?

Niruhusu niseme jambo ambalo mtoto hapaswi kumwambia mzazi. Nimesoma jinsi vyama vinavyokufa, na karibu kila mahali habari ni moja: kabla mwajiri hajamshinda mwanachama, kwanza humlainisha kiongozi. Humpa likizo, kiti, au kazi ya kukaa kivulini. Nakuuliza nikiwa na uchungu: Leodgar amekupa nini? Kwa nini unanikataza kuandika mwezi mmoja na nusu kabla ya hesabu? Taarifa ile niliiandika mimi kwa maneno yako, na naijivunia. Kama wewe unaiogopa, niambie niijue hofu yako, nami nitajua nasimama na nani.

Mko wangapi sasa? Nipe idadi tu.

Leonia


Kasingirima, Ujiji, 20 Mei 2024

Kwako Leonia,

Salaam. Hatujawahi kuandikiana, na sikudhani tungeandikiana. Mimi ni Mwanakheri, yule "mkata sabuni mmoja, mkazi wa Ujiji, aliyefiwa na mama yake mwezi Februari". Kwenye meza za kukatia tuko kumi na watatu. Wa Ujiji ni mimi. Aliyefiwa Februari ni mimi. Ungetaja tu na rangi ya mlango wangu, ungemrahisishia Bwana Leodgar kazi.

Aliniita tarehe 15 Aprili. Karatasi zako zilikuwa mezani, zimepigwa mstari mwekundu mahali pamoja tu. Kurasa sita, dada, na wao waliona mstari mmoja. "Sahihi yake ilitiwa na wenzake." Kosa likaitwa kughushi mahudhurio. Aliniuliza ni nani aliyetia. Nikamwambia mimi nilikuwa namzika mama yangu, sikuwa na nafasi ya kutazama mikono ya watu. Nikafukuzwa siku ile ile. Sasa naokota chikichi kwenye shamba la Mzee Castory kule Simbo, kwa hisani yake.

Nyuma ya ghala siku hiyo palichafuka. Watu walitaka kujua ni nani aliyetuuza. Shangazi yako akasimama, akasema, "Ni mimi. Mimi ndiye niliyeandika." Brigita, ambaye wamekaa meza moja miaka kumi na minne, akamwambia, "Rozalia, mimi nilikuamini hata funguo za nyumba yangu," halafu akaenda kuidai fomu yake. Wengi wakamfuata. Shangazi yako akauacha ukatibu kabla hajavuliwa.

Nami nilimchukia kwa mwezi mzima. Juzi nilikwenda kwake kudai sufuria yangu, maana nilitaka tusiwe na kitu cha kudaiana. Nikamkuta ameshika barua yako kama mtu aliyeshika kitu cha moto. Miwani yake ilivunjika kwenye vurugu ile ya nyuma ya ghala. Akasema, "Nisomee, nimeshindwa." Nadhani alisahau kwamba mimi ni nani. Nikamsomea. Nikafika pale ulipouliza Leodgar amempa nini. Nikafika pale ulipoandika "taarifa ile niliiandika mimi". Hapo nikaishusha karatasi. Yeye akasema tu, "Endelea, mwanangu, kuna idadi anaiuliza mwishoni."

Idadi ni thelathini na saba.

Sijamwambia mtu. Shangazi yako alinishika mkono akaniomba nisiseme, kwa kuwa wewe utakuwa wakili na doa kama hili halitoki. Sikumpa ahadi. Nakungoja useme mwenyewe.

Halafu kuhusu ile kanga ya huruma. Siku tatu zile zilikuwa zangu. Ndizo pekee ambazo kampuni haikunipa na haikuweza kuninyima. Hukuniuliza kabla ya kuzitoa.

Mwanakheri


Dar es Salaam, 27 Mei 2024

Shangazi,

Shikamoo.

Nimeandika barua hii mara nyingi, na kila nilipoona inaanza kupendeza niliichana. Dada Mwanakheri ameniandikia. Najua kuhusu miwani, Brigita na fomu. Niliyokuuliza juu ya Leodgar sina namna ya kuyafuta, nawe sina haki ya kukuomba uyasahau.

Nitawaandikia wanachama kwamba ni mimi, ila nangoja kwanza jibu lako.

Leonia


Bangwe, 30 Juni 2024

Mwanangu Leonia,

Marahaba. Nimechelewa makusudi. Niliogopa kwamba nikikujibu mapema ungefanya ulilosema.

Hesabu ilifanyika juzi Ijumaa, mbele ya Leodgar na Yunisi. Fomu thelathini na tano. Leodgar hakutucheka, alikunja karatasi yake vizuri akasema, "Basi, mama, kila mtu aje ofisini kwangu na lake." Nje, Mzee Castory alikaa juu ya pipa tupu muda mrefu. Amekuwa mwanachama tangu kabla hujazaliwa. Aliniambia, "Rozalia, leo nimeachishwa bila kufukuzwa." Ndiyo maneno yake tu, halafu akarudi kwenye boila.

Sasa nisikilize. Mzee Castory alilifikisha shauri la Mwanakheri kwenye usuluhishi ndani ya muda unaotakiwa. Hawakupatana. Litasikilizwa Jumatano, tarehe 17 Julai. Kampuni inasema haikujua lolote kuhusu kubebeana mpaka iliposoma karatasi zile. Thobias naye amesema hivyo hivyo. Ana watoto wanne, simlaumu. Sisi tunajua alikuwa anajua, lakini kusema hivyo ni kusimama na kutaja kwamba nasi tulibeba. Mimi niko tayari. Wengine wanaogopa, na hofu yao si ya kijinga.

Kuhusu kujitaja, nakukataza. Hasira yao nimeshaizoea, imekuwa kama kelele za mashine. Wewe una mtihani na una kazi ya kutafuta. Baba yako aliniachia mtoto mmoja tu. Nilipowaambia ni mimi, sikufikiri. Mdomo ulikwenda wenyewe, kama unavyomshika mtu anayeteleza gatini. Usije ukauharibu mkono wangu kwa kujirusha majini.

Brigita bado hanisalimii. Jana aliniwekea nafasi kwenye kivuli, lakini hakunitazama.

Shangazi yako,
Rozalia


Dar es Salaam, 7 Julai 2024

Makomredi, mlio na fomu na mliozirudisha,

Namwomba Yunisi awasomee hii, kwa sababu shangazi yangu angeuruka ukurasa.

Taarifa "Kazi ya Kumi na Watatu" niliiandika mimi, Leonia Ntakije. Rozalia hakuandika hata mstari wake mmoja. Aliniandikia barua kama mzazi anavyomwandikia mwana, nami nikaifanya barua ya nyumbani kuwa silaha, nikafyatua, na risasi ikampata Mwanakheri. Mlipotafuta aliyewauza, alijiweka mbele yangu. Amenikataza kusema haya. Ni mara ya kwanza maishani ninamkaidi, na nitakuja kuadhibiwa naye mkishamaliza zamu yenu ya kuniadhibu.

Nilidhani chama ni fomu, sheria na sauti kubwa. Nilikuwa nikilia kwamba chama kimekufa Bangwe, huku nimeshika mkononi barua inayonieleza watu kumi na wawili wakimbeba mmoja kwa miaka kumi na moja, bila katiba, bila muhuri, bila mwenyekiti. Kile ndicho chama kilichokuwa kimebaki. Nikakipeleka kwa mwajiri nikamwonyesha mahali pa kukata.

Sasa nawaeleza lililopo, bila mapambo. Sheria haimruhusu mwajiri kuiacha kanuni ilale miaka kumi na moja, halafu aiamshe kwa mtu mmoja. Kama msimamizi wa kampuni aliona na akanyamaza, kampuni iliona. Barua ya shangazi ya tarehe 19 Machi inasema hivyo waziwazi, na iliandikwa kabla ya mgogoro wowote, kwa mtu ambaye hakuwa na sababu ya kudanganywa. Barua hiyo ninayo. Ikitolewa kwenye shauri la Jumatano, tarehe 17, Mwanakheri anaweza kurudi kwenye meza yake.

Lakini barua hiyo pia inamtaja aliyetia sahihi, na inasema kwamba mlikuwa kumi na wawili. Ikitolewa, hakuna atakayebaki kivulini. Kampuni inaweza kuwaita wote ofisini, mmoja mmoja, na safari hii hakuna meza ya majadiliano ya kuwalinda. Naweza kuwaahidi kwamba sheria iko upande wenu. Siwezi kuwaahidi kwamba Leodgar ataifuata.

Mwezi Aprili ningeitoa bila kumwuliza mtu, na ningeuita huo ujasiri. Sasa nasema hivi: barua haitafunguliwa mbele ya yeyote mpaka kila mmoja wa wale kumi na wawili aseme ndiyo kwa kinywa chake. Mmoja akisema hapana, nitairudisha kwa mwenyewe, nasi tutatafuta njia nyingine, hata kama ni ndefu. Dada Mwanakheri nilimwuliza kwanza. Alinijibu kwa simu, maneno machache: "Waulize wao. Mimi siku zangu tatu nilishapewa."

Brigita, sikujui kwa sura. Nakuomba ukae karibu na shangazi yangu siku ya kikao, kama moyo utakuruhusu. Usipokuruhusu, kaa mbali, lakini uje.

Mtihani wangu wa mwisho ni Alhamisi. Ijumaa napanda basi. Sina hotuba, na nitakaa chini mpaka nitakapoulizwa.

Tunakutana Jumapili, tarehe 14 Julai, saa tisa alasiri, uani kwa Mwanakheri, Kasingirima. Wa zamu ya asubuhi watasubiriwa. Kikao hakitaanza mpaka wa mwisho wao afike.

Leonia B. Ntakije